Mchezo Uliohamishiwa Vibaya kwenye Kompyuta Zangu

Kipanya cha kompyuta kinalenga vizuri kuliko kidole gumba. Nilisema hivyo mbele ya mtaa mzima siku niliyofungua chumba changu cha michezo hapa Goma, na ninarudia sasa nikiwa nimekaa, nimetulia, bila mtu wa kunichokoza. Mkono mzima una kipimo ambacho kidole kimoja hakina. Huhitaji diploma ili kuelewa jambo hilo, ingawa mimi ninayo.

Ninayo, na niliipata bila mjomba waziri. Niliondoka hapa na begi moja. Miaka tisa niliishi katika mji wa baridi ambako wakati wa Desemba jua linazama saa kumi. Asubuhi nilisoma informatique, elimu ya kompyuta, jioni niliosha sahani za watu ambao hawakujua jina langu, na nilimaliza wa pili katika darasa letu. Karatasi hiyo iko ukutani, ndani ya fremu, juu ya kompyuta ya kwanza. Watu waliniambia kwamba mtu hatundiki diploma katika chumba cha michezo. Niliwauliza: daktari anatundika ya kwake wapi, sebuleni kwa jirani?

Nilirudi na kompyuta sita. Nilizikusanya kipande kwa kipande kwa mikono yangu, nikazisindikiza barabarani hadi mpakani bila kuzipa mgongo, kama mtu anayepeleka ng'ombe wa mahari. Ningeweza kuleta konsoli na televisheni kama wengine. Sikutaka. Marehemu baba yangu alikuwa karani, mtu wa upande wa Bukavu ambaye ofisi yake ilimhamishia Goma akabaki. Aliandika kwa mashine kwa vidole kumi bila kuangalia chini. Jumapili baada ya misa alinikalisha mbele ya mashine ile, akafunika mikono yangu kwa gazeti, akanisomea barua. Nikichungulia chini ya gazeti, tunaanza upya. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kibodi ni ya kuandikia CV tu, hanitukani mimi peke yangu.

Aliyekuwa akisema hivyo kila siku ni mama mmoja wa ng'ambo ya barabara, mjane, mwenye mwili na sauti, aliyekuwa na chumba cha televisheni mbili na konsoli mbili. Alikuwa na benchi la mbao, na benchi lile lilikuwa na sheria. Wawili wanakaa bega kwa bega mbele ya televisheni moja, kioo kimegawanywa nusu kwa nusu, kila mmoja ameshika maneti yake, kile kishikio chenye vitufe na vijiti viwili vya vidole gumba. Nyuma yao wanasimama washauri, na kila mshauri anajua kuliko mchezaji. Ukishindwa, unainuka. Lakini kama ulijisifu kabla ya kukaa, kuinuka hakutoshi. Unachukua bidoni ya njano ya lita ishirini, unashuka ziwani, unaijaza, unapanda nayo hadi kwenye pipa lililo mlangoni kwake. Si kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wala kwa moto, yaani pikipiki. Kwa bega. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, huchimbi kisima nyuma ya nyumba. Maji ni kazi ya kila siku. Mama yule alikuwa amepata njia ya kuyageuza majivuno ya wanaume kuwa maji ya kuogea.

Mchezo uliopendwa kwake ulikuwa wa kupiga risasi. Askari wawili wenye silaha nzito wanatafutana katika kituo cha treni kilichoachwa. Wa kwanza kumuua mwenzake mara kumi ameshinda. Wageni hutuuliza vipi sisi, na yote tuliyoyaona, bado tunacheza bunduki. Tunacheza kwa sababu pale mtu akifa anaamka baada ya sekunde tano, na anaamka na matusi.

Kampuni iliyoutengeneza ilikuwa imeuhamishia kwenye kompyuta. Niliona picha, nikasoma ahadi zao, nikaandika kwa chaki kwenye mlango wangu: MCHEZO ULE ULE, LAKINI BORA. Ndilo kosa ninalolikubali. Niliamini ahadi za watu ambao hawakuosha sahani.

Siku ya kwanza mteja wangu alikuwa motari mmoja wa Kibati, mbeba abiria kwa moto, kijana mkubwa wa miaka thelathini hivi ambaye mchana, abiria wakipungua, aliegesha moto yake mbele ya mlango wangu. Alikaa mbele ya kompyuta ya kwanza, chini ya diploma. Kioo kiliandika: Bonyeza Start.

"Diaspora," aliniita, maana hilo ndilo jina walilonipa, "Start iko wapi hapa?"

"Bonyeza kitufe chochote."

Alibonyeza. Alibonyeza safu ya juu, ya kati, ya chini. "Nimemaliza yote. Imebaki tu ile ya kuzimisha."

Kilikuwa kitufe kile kirefu cha chini, nacho kilikubali baada ya kukishikilia kwa muda. Halafu menyu ikatokea, na kipanya hakikufanya kazi kwenye menyu. Mshale haukuwepo kabisa. Watu walichukua mchezo wa televisheni, wakautupa ndani ya kompyuta, wakaondoka bila kuuonyesha mlango uko wapi. Herufi zilikuwa kubwa kama za mtu anayesoma kutoka upande wa pili wa sebule, na bado walikuwa wameficha nusu ya kituo cha treni: ulimwona askari wako mgongo, na pembeni huoni kitu, kama farasi aliyewekewa vibao machoni.

Motari alisukuma kipanya kulia. Askari alifikiri, kisha akaanza kugeuka, taratibu.

"Huyu askari yako iko mulevi?" aliuliza. "Anageuka sawa kamio ya makala inatoka Masisi." Lori la mkaa hugeuka hivyo kweli.

"Sukuma kwa nguvu."

"Nasukuma mpaka nafika kwa meza ya jirani!"

Ni kweli, alikuwa amefika. Kumbe hawakukipa kipanya kazi ya kipanya. Walikiambia kijifanye kijiti cha maneti. Kijiti kina mwisho wake: ukikisukuma hadi ukingoni, askari anageuka kwa kasi ile ile na si zaidi, hata ukilia. Mkono wangu ungeweza kumgeuza askari yule kwa kufumba na kufumbua, lakini wao walikuwa wameufunga kamba. Na kitufe kimoja kilifanya mambo matatu: kujificha, kufungua mlango na kuokota silaha, kwa kuwa maneti haina vitufe vingi. Kibodi yangu ina vitufe zaidi ya mia. Motari alitaka kujificha nyuma ya nguzo. Askari wake akainama kuokota bunduki na kupigwa kisogoni.

Kibaya zaidi, kile kilicholifanya benchi la mama liwe benchi, kioo kimoja kwa watu wawili, walikiondoa. Kwenye kompyuta kila mtu awe na mashine yake, na mashine mbili zinazogusana viwiko ziende kuulizana ruhusa Ulaya kupitia intaneti, kisha zirudi. Intaneti yetu mnaijua.

Kisha kukaja habari ya herufi. Kibodi zetu ni za Kifaransa, herufi zimepangwa kama kwenye mashine ya baba. Mchezo ule ulijua mpango wa Kiamerika tu, na ulikataa kabisa kubadilishwa. Ili askari atembee mbele, mkono ulijikunja kama wa mtu anayekamua ng'ombe aliyelala. Niliziambia kompyuta zote zijifanye za Kiamerika, tatizo likaisha, nikajipongeza. Kesho yake asubuhi, saa za CV na barua, motari yule yule alikuja kuandika barua ya kuomba kazi ya udereva. Aliandika bila kuangalia kioo, akalipa, akachukua karatasi, akaenda. Alirudi baada ya saa moja.

"Diaspora, soma hapa."

Pale palipopaswa kuwa na Madame palikuwa na :qdq;e. Nilikuwa nimesahau kuzirudisha kompyuta kwenye Kifaransa.

"Yule mama wa bureau aliniuliza kama hii ni Kichina," alisema. "Nikasema ndiyo, sababu tayari nilikuwa na haya."

Niliiandika barua yake upya mimi mwenyewe, kwa vidole kumi, bila malipo. Mtaani walicheka wiki nzima. Na hapo ndipo mama wa ng'ambo ya barabara alipovuka.

Alikuja siku ya Jumamosi mchana, na watu wake nyuma yake, akiwa na maneti yake ndani ya kitambaa kama mtu anayepeleka mkate.

"Papa, pole na kazi," alisema. "Nilisikia hapa diplome njo inapiga risasi, nikasema nikuye nione."

"Karibu, mama. Kaa."

"Nitakaa. Lakini ile souris, ile panya yako, sitaki. Nitie waya yangu."

Nilimchomekea maneti yake kwenye kompyuta ya pili. Mimi nilikaa kwenye ya kwanza na kipanya changu. Kwa maneti mchezo ulimpokea kama binti wa nyumbani: menyu ikafunguka, Start ikapatikana, askari akageuka. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwenye maneti mchezo unamshika mkono. Akilenga karibu na adui, alama ya kulenga inavutwa yenyewe hadi kifuani. Kidole gumba ni kizito, kwa hiyo wanakisaidia, sawa. Lakini mwenye kipanya walimfunga kamba na msaada wakamnyima. Aliniua mara kumi kwa mbili, kwenye mashine niliyoiunda mimi, chini ya diploma yangu.

"Njo ile ya bora?" aliuliza, akifunga maneti yake kwenye kitambaa. Watu walijishika mbavu. "Papa, nunua tu manette sita. Mashini yako ni nzuri. Ni televisheni ya bei kali."

Maneno hayo, ya televisheni, ndiyo yaliyonichoma. Ningeweza kununua maneti sita. Kila mtu alinishauri hivyo, hata dada yangu. Lakini kununua maneti ni kusema kwamba kompyuta imeshindwa, na kompyuta haikushindwa. Walioshindwa ni wale walioihamisha. Nilisimama kwenye kizingiti cha mlango, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza mkaa:

"Mama! Wiki mbili. Hapa hapa, mashine hizi hizi, wewe na maneti yako, mimi na kipanya. Nitakupiga."

Aligeuka katikati ya barabara. "Umejisifu?"

"Nimejisifu."

"Batu basikie," alisema. "Bidon iko tayari."

Kila mtu alielewa. Mtu wa diploma, mwenye viatu vya Ulaya, atapanda kutoka ziwani na maji begani mchana kweupe, au mama ataondoa neno lake kuhusu televisheni mbele ya wote. Hakukuwa na kitu kingine cha kushinda, na sikuhitaji kingine.

Kwanza niliwaandikia wenye mchezo. Niliandika kwa Kifaransa kizuri, ukurasa mmoja na nusu, nikaeleza kasoro zote, nikasaini na cheo changu. Walijibu baada ya siku nne, mistari miwili: wananishukuru, na kwa furaha kamili wananishauri nitumie maneti. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kisha nikakunja mikono ya shati.

Wateja wakiwa wamekwenda kula, nilifungua mafaili ya mchezo. Yalikuwa mengi, na mengi yamefungwa, lakini mtu mmoja mvivu alikuwa ameacha moja wazi, la maandishi matupu. Humo nilikuta kamba ya kipanya: namba iliyosema mwisho wa kasi ya kugeuka. Niliikata. Nilikuta mstari mwingine uliokuwa ukilainisha mwendo wa mkono, ndio uliomfanya askari afikiri kabla ya kutii. Niliufuta. Nilipanua macho ya askari ili aone pembeni. Mwisho nilikuta namba thelathini. Mchezo ulikuwa ukichora picha thelathini kwa sekunde, wala si hata moja zaidi, kwa sababu konsoli haikuweza zaidi. Mashine yangu ingeweza mara mbili, mara tatu. Kuizuia pale ni kununua moto nzuri halafu kuisukuma kwa miguu kama chukudu. Niliweka tisini.

Motari ndiye aliyejaribu kwanza. Alisukuma kipanya kidogo tu, askari akageuka mara moja, akasimama pale pale alipotakiwa. Motari aliondoa mkono kama aliyeungua.

"Sasa huyu amelala vizuri," alisema. "Mama amekwisha."

Tulicheza siku nyingi. Nilijizoeza milango, nguzo, ngazi, kona zote za kituo kile. Nililenga kama ninavyoandika, bila kuangalia mkono. Nilikuwa bora, na sioni sababu ya kuficha: sijaona mtu hapa Goma aliyelenga kama mimi wiki ile.

Jumamosi ilipofika, watu walijaa hadi barabarani. Chumba changu ambacho mama alikiita ofisi ya posta, kwa sababu kila mtu alikaa peke yake na kimya chake, siku ile kilikuwa na washauri hadi dirishani. Nilimwambia mama nimetengeneza mashine, na kwamba kwa haki nitatengeneza na yake.

"Yangu usiguse," alisema. "Iache na magonjwa yake. Tumezoeana."

Tukaanza. Nilimuua mara tatu kabla hajafika kwenye ngazi. Chumba kilipasuka kwa kelele. "Diaspora! Diaspora!" Mara ya nne, ya tano. Mama aliinama mbele, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Kisha akanielewa. Aliacha kunifuata mahali pa wazi, akakaa chini ya jukwaa la treni, akasubiri. Akanipata mara nne mfululizo. Sita kwa nne. Saba kwa saba. Washauri walikuwa wakigombana wao kwa wao.

Nane kwa nane, nilimwona chini, mgongo kwangu, karibu na reli. Mimi nilikuwa juu ya jukwaa, urefu wa mtu mmoja tu. Wakati wote wa mazoezi nilikuwa nikishuka kwa ngazi, kwa sababu mtu aliyefundishwa vizuri hushuka kwa ngazi. Sasa haraka ikanishika. Niliruka.

Askari wangu alifika chini na kufa.

Hakuna aliyempiga. Alikufa kwa kuruka urefu ambao hata mbuzi anauruka.

"Amejiua!" alipiga kelele mtu wa dirishani. "Diaspora amejiua na haya!"

Nilielewa mara moja, na huko ndiko kusoma. Wale watu walikuwa wamefunga uzito wa kuanguka kwenye hesabu ya picha. Kwa picha thelathini, unaanguka unavyoanguka. Kwa picha tisini, mchezo unahesabu kishindo kile kile mara tatu. Walijenga nyumba yote juu ya namba thelathini, na mimi nilikuwa nimeing'oa. Kujiua kulihesabiwa kama pointi yake. Tisa kwa nane.

Mama alisimamisha mchezo. Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza hakuwa akicheka.

"Papa, ile haiko haki," alisema. "Nakupa manette ya pili. Shika. Tuendelee wote sawasawa, na ile ya kuanguka tunaifuta. Batu bote bameona unajua kupiga."

Motari alininong'oneza, "Kubali, Diaspora. Manette unaweza."

Ni kweli, ninaweza. Nilikua kwenye benchi kama lile. Pengine kwa maneti ningeshinda, na mama angeondoa neno lake, na watu wangeenda nyumbani wakijua kwamba kwenye kompyuta mtu hushinda kwa maneti. Niliangalia kishikio kile mkononi mwake. Nikasema:

"Aksanti, mama. Kwa kipanya."

"Na ukiruka tena?"

"Sitaruka."

Sikuruka. Nilishuka kwa ngazi, nikamkuta, nikamlenga katikati ya paji la uso, nikabonyeza, na intaneti ikakatika kwa muda wa pumzi moja. Iliporudi, mimi ndiye niliyekuwa nimelala chini. Kumi kwa nane.

Niliingia chumba cha nyuma nikavaa tai. Mama alitaka kuniachia, alisema maji yamejaa, kesho, siku nyingine. Nilichukua bidoni mwenyewe nyuma ya mlango wake. Nilishuka ziwani, nikaijaza hadi mdomoni ili mtu asiseme nimepunguza, nikaanza kupanda. Mawe ya barabara yetu hayana huruma kwa viatu vya Ulaya. Watu walitoka kwenye milango, na kila aliyeniuliza nilimjibu. Niliwaambia kwamba kipanya kiliongoza tano kwa sifuri, na kwamba kompyuta ina nguvu mara tatu ya kile chombo cha mama. Niliwaambia pia kwamba kuna watu mahali fulani, wanalipwa vizuri, walioamua kwamba mwenye kompyuta atashukuru kwa chochote atakachotupiwa. Mwalimu mmoja mstaafu alinisikiliza hadi mwisho na kusema ni kweli kabisa. Sijui kama alielewa, lakini alisema.

Karibu na nusu ya njia motari alinifikia kwa moto yake.

"Weka bidon hapa nyuma," alisema chini chini. "Nitakuachia pale kwa kona. Mama haone."

"Hapana."

"Ju ya nini? Umeshafika mbali."

"Nilijisifu mimi. Moto haikujisifu."

Alinitazama maji yakinichuruzika shingoni hadi kwenye tai. "Lakini Diaspora, ile ya kuanguka sijaelewa. Mutu anaruka kidogo vile, anakufa namna gani?"

Nilihamisha bidoni kwenye bega la kushoto, nikaanza kumweleza habari ya picha thelathini tangu mwanzo. Alizima moto yake ili anisikie, akaisukuma kando yangu, tukapanda.